Google Drive, OneDrive, Dropbox, MEGA au Backblaze: uchague ipi ukiwa Kigoma?

Ulinganisho mwingi wa huduma za kuhifadhi mafaili mtandaoni huanza na bei ya nafasi: dola ngapi kwa GB ngapi. Kwa mtu aliye Mwanga, Gungu au Ujiji, bei ya nafasi ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Kikubwa ni bando la kuyapandisha mafaili hayo, saa ambazo laptopu itakaa imewashwa, na bando jingine la kuyashusha yote siku laptopu itakapoibiwa au diski itakapokufa. Hapa huduma tano zinapimwa kwa vigezo hivyo.

Tuanze na kalamu. GB 1 ni takriban megabiti 8,000. Laini inayopandisha kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde itaimaliza GB hiyo kwa saa 2 na dakika 13. Kwa kasi hiyohiyo GB 15 zinachukua saa 33, na GB 50 zinachukua saa 111, yaani siku nne na zaidi ya nusu bila umeme kukatika wala mtandao kusumbua. Ukipata megabiti 5 kwa sekunde, GB 50 zinashuka hadi saa 22 hivi. Kumbuka kwamba kasi inayotangazwa na kampuni za simu karibu kila mara ni ya kushusha. Ya kupandisha huwa ndogo zaidi, na ndiyo unayoihitaji hapa. Ipime usiku na ipime mchana kabla hujalipia chochote. Kisha chukua bei ya bando lako, igawe kwa GB zake, uzidishe kwa ukubwa wa folda zako. Kama GB moja inakutoka shilingi 2,000, GB 50 ni shilingi 100,000 kwa safari ya kwenda tu.

Sasa linganisha na eksteno ya USB 3, ile diski ya nje ya kawaida. Ikiandika MB 100 kwa sekunde, GB 50 hizohizo zinaisha kwa dakika 8 au 9, bila bando. Kwa hiyo mtu mwenye picha na video nyingi hawezi kuishi kwa mtandao peke yake akiwa huku, hata tangazo liseme nini. Mtandao uwe wa vile visivyoweza kutengenezwa tena na visivyo vizito: hesabu za duka, barua, mikataba, mitihani, matokeo, tasnifu, skani za hati ya kiwanja na vyeti. Bofya kitufe cha kulia cha mauzi juu ya folda, fungua “Properties”, usome ukubwa. Wengi hugundua kwamba kazi zao zote za Word na Excel za miaka kumi hazifiki GB 5, na kilichojaza diski ni filamu na miziki.

Kusawazisha si kutunza nakala

Hili ndilo watu wengi hulikosa, na ndilo linalotenganisha huduma hizi kuliko bei. Google Drive, OneDrive na Dropbox ni huduma za kusawazisha: kilichopo kwenye folda ya kompyuta kinakuwa sawa na kilichopo mtandaoni, kwa pande zote mbili. Ukiongeza, kinaongezeka kule. Ukifuta, kinafutwa kule pia. Mtoto akiburuta folda ya “Hesabu 2024” hadi kwenye pipa la taka, baada ya dakika chache haipo mtandaoni pia. Virusi vikiyafunga mafaili yako kwa nywila ili uombwe pesa, nakala zilizofungwa ndizo zinazopanda na kuchukua nafasi ya nzuri.

Kinachokuokoa ni muda wa msamaha. Google Drive huweka vilivyofutwa kwenye pipa lake kwa siku 30, na matoleo ya zamani ya faili kwa siku 30 au hadi matoleo 100. OneDrive ya mtu binafsi ina pipa la siku 30; mwenye Microsoft 365, yaani Office ya kulipia kwa mwezi au mwaka, anaweza pia kurudisha hifadhi yake yote ilivyokuwa siku yoyote ndani ya siku 30 zilizopita. Dropbox ya bure na ile ya kulipia ya Plus ni siku 30 vilevile. Siku 30 ni nyingi kwa mtu anayefungua kompyuta kila siku. Kwa mwalimu anayefunga laptopu Desemba na kuifungua Januari, au mfanyabiashara anayeangalia hesabu za mwaka mara moja tu wakati wa makadirio ya kodi, siku 30 hupita kabla hajajua kuna kitu kimepotea.

Backblaze ni kitu cha aina nyingine. Yenyewe haisawazishi. Inanakili kutoka kwenye kompyuta kwenda kwao tu, na faili ulilofuta au kuliharibu linabaki kwao mwaka mmoja. Hiyo ndiyo maana halisi ya kutunza nakala.

| Huduma | Bure | Ya kulipia (bei ya Marekani) | Ukifuta faili |
|---|---|---|---|
| Google Drive | GB 15 | GB 100, dola 1.99 kwa mwezi | siku 30 |
| OneDrive | GB 5 | GB 100, dola 1.99 kwa mwezi. TB 1 pamoja na Office, dola 9.99 kwa mwezi | siku 30 |
| Dropbox | GB 2 | TB 2, dola 11.99 kwa mwezi | siku 30 |
| MEGA | GB 20 | hulipwa kwa yuro | hubaki kwenye pipa, kisha hufutwa |
| Backblaze | hakuna, ila majaribio | bila kikomo, kompyuta moja, dola 99 kwa mwaka | mwaka 1 |

Ukilipa kutoka Tanzania, VAT inaweza kuongezwa juu ya bei hizo, kwa sababu tangu 2022 huduma za kidijitali za kampuni za nje zinatozwa kodi hiyo. Usishangae ujumbe wa makato ukizidi ulichokiona kwenye ukurasa wa bei.

Google Drive

Kwa mtu wa kawaida ndiyo ya kuanzia, kwa sababu karibu kila mwenye simu ya Android tayari ana akaunti. Tatizo ni kwamba zile GB 15 si za Drive peke yake. Zinagawanywa na Gmail na picha za simu. Simu ikiwa imewashwa kuhifadhi picha, harusi moja inaweza kulamba nusu ya nafasi. Na nafasi ikijaa, barua pepe nazo zinagoma: hutumi wala hupokei. Mwenye stesheneri anayesubiri barua ya zabuni halmashauri anaweza kuikosa kwa sababu ya video za kipaimara. Zima uhifadhi wa picha kwenye simu inayotumia akaunti ya kazi, au fungua akaunti ya pili kwa ajili ya picha.

Usipandishe kwa kuburuta mafaili kwenye kivinjari. Umeme ukikatika au hotspoti ikizima katikati ya faili zito, mara nyingi unaanza upya na MB zimeshaliwa. Pakua programu ya Drive ya kompyuta. Ukishaingia, chagua folda chache tu za kusawazisha, kisha kwenye mipangilio ya “My Drive” chagua “Mirror files”. Chaguo la pili, “Stream files”, linaacha mafaili mtandaoni na kukuonyesha majina tu. Pale mtandao ulipo hafifu, jina la faili bila faili lenyewe ni kama nazi tupu.

Kwenye mipangilio hiyohiyo kuna sehemu ya kupunguza kasi, inayoandikwa kwa KB kwa sekunde. Megabiti 1 ni KB 125. Ukiwa na laini ya kupandisha megabiti 1 na unataka watu wengine ofisini waendelee kufanya kazi, weka 60. Usipoweka kitu, programu itachukua laini yote, na wenzako watadhani mtandao umekufa.

Akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili Google inaweza kuifuta pamoja na vilivyomo. Anayefungua akaunti ya “kuhifadhi tu” na kuisahau aweke kumbukumbu ya kuifungua walau mara moja kila baada ya miezi sita.

OneDrive

Ukinunua laptopu mpya ya Windows 11 na kuiwasha kwa akaunti ya Microsoft, OneDrive mara nyingi imeshaanza kazi kabla hujaiomba: Desktop, Documents na Pictures zinahamishiwa ndani ya folda yake na kuanza kupanda. Hapo bando la wiki linaweza kwisha kwa mchana mmoja na GB 5 za bure kujaa siku hiyohiyo. Tangu 2023 viambatisho vya barua za Outlook.com navyo vinahesabiwa humohumo.

Cha kwanza, iambie Windows kwamba hotspoti ya simu ni mtandao wa kuhesabiwa. Fungua mipangilio ya Wi-Fi, ingia kwenye sifa za mtandao huo, washa “Metered connection”. OneDrive itasimama yenyewe kila ukiwa kwenye hotspoti hiyo, na itaendelea ukifika kwenye faiba. Katika huduma zote tano hakuna urahisi mwingine unaomfaa mtu wa bando kama huu, na peke yake unatosha kuipandisha OneDrive juu ya Google kwa anayehamahama kati ya ofisi yenye faiba na nyumbani kwenye simu.

Cha pili, angalia alama zilizo kando ya mafaili. Wingu la buluu maana yake faili halipo kwenye kompyuta, liko mtandaoni tu. Duara la kijani lililojazwa lenye alama ya vema maana yake lipo na litabaki. Mwalimu akipeleka laptopu shule isiyo na mtandao huko Buhigwe, akute mtihani una wingu la buluu, hautafunguka. Bofya kulia juu ya folda na uchague “Always keep on this device” kabla ya safari.

Cha tatu, majina ya mafaili. OneDrive haikubali alama kama : ? * < > na | ndani ya jina. Folda iliyotoka kwenye Mac inaweza kuwa nazo. Faili hilo litabaki halijapanda huku mengine yakipita. Alama nyekundu kwenye ikoni ndogo chini kulia mwa skrini isipuuzwe.

TB 1 inakuja na Microsoft 365 halali. Office ya kukraki iliyowekwa na fundi haileti nafasi hata GB moja, hata ikisema imesajiliwa. Na tukiwa kwa mafundi: kompyuta nyingi zilizopita mikononi mwao zimeingizwa akaunti ya fundi mwenyewe ili kazi iishe haraka. Fungua mipangilio ya akaunti usome barua pepe iliyopo. Kama si yako, mafaili yako yanaweza kuwa yanapanda kwa mtu mwingine.

Ulinganishe na hili pia: ukizidisha nafasi, kwa mfano umeacha kulipa, Microsoft inaweza kufuta vilivyomo baada ya miezi sita. Google hungoja miaka miwili. Kwa mtu ambaye kipato chake hufuata msimu, miezi sita ni mifupi.

Dropbox

Bure ni GB 2 na vifaa vitatu tu, kwa hiyo haitoshi. Lakini ina mambo mawili mazuri. Faili kubwa likibadilika kidogo, Dropbox hupandisha vile vipande vilivyobadilika badala ya faili zima. Kwa mhasibu mwenye faili la hesabu la MB 400 linaloguswa kila siku, hiyo ni tofauti ya MB chache na MB 400 kila jioni. OneDrive nayo hufanya hivyo. La pili, kompyuta mbili zilizo kwenye ruta moja hupeana faili zenyewe kwa zenyewe bila kulishusha tena kutoka mtandaoni. Ofisi yenye kompyuta nne na bando moja itaona faida.

Tahadhari inayohusu huduma zote tatu za kusawazisha: usiweke faili la programu ya hesabu au kanzidata ndani ya folda inayosawazishwa huku programu imefunguliwa. Ama halitapanda kwa sababu limeshikwa, ama litapanda likiwa nusu, ama utapata nakala mbili zinazogombana. Iambie programu yenyewe itoe nakala jioni, na nakala hiyo ndiyo uiweke kwenye folda.

MEGA

GB 20 za bure, na mafaili yanasimbwa, yaani yanageuzwa yasisomeke bila ufunguo, kwenye kompyuta yako kabla hayajaondoka, hivyo hata kampuni yenyewe, iliyoko New Zealand, haiwezi kuyasoma. Kwa wakili, zahanati au SACCOS hilo lina uzito, hasa kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamgusa kila anayeshika taarifa za watu, pamoja na kuzipeleka nje ya nchi. Ukisahau nywila, hakuna wa kumpigia simu. Kuna ufunguo wa kurejesha ambao unaupakua mara unapofungua akaunti. Uchapishe. Bila ufunguo huo na bila nywila, mafaili yamekwenda.

Kasoro yake hapa kwetu ni wakati wa kushusha. Mtumiaji wa bure anapewa kiwango cha kushusha kinachohesabiwa kwa anwani ya mtandao, na kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Unaweza kuambiwa umemaliza kiwango wakati aliyekimaliza ni mtu mwingine usiyemjua. Itumie kwa hati za siri, si kwa GB 20 utakazozihitaji zote siku moja.

Backblaze

Kwa mwenye faiba isiyo na kikomo, kwa mfano ya TTCL, na kompyuta inayokaa ofisini, hii ndiyo nakala ya kweli kuliko zote nne za juu. Huchagui folda: inachukua kila kitu isipokuwa Windows na programu. Na hapo ndipo inapomshinda mtu wa bando, kwa sababu inachukua kila kitu, filamu na yote, mpaka uende kwenye mipangilio uiambie folda za kuruka. Wanayo huduma ya kukutumia mafaili yako kwenye diski kwa posta kutoka Marekani. Usiipangie. Ukiwa Kigoma utayashusha kwa mtandao, na GB 300 kwa megabiti 5 ni zaidi ya siku tano na nusu.

Eksteno inabaki

Studio ya picha pale mjini, mpiga video, mtu wa kuhariri: nunueni eksteno mbili za ukubwa mmoja. Moja ikae dukani, nyingine nyumbani, zibadilishane kila Jumamosi. Mkiziacha zote mbili kwenye mfuko mmoja na laptopu, mwizi na radi vitachukua zote. Diski isibaki imechomekwa. Radi za msimu wa mvua hupitia kwenye waya wa umeme, na virusi vya shortcut hupita kwenye USB. Mtandaoni pandisheni picha za mwisho tu, zilizohaririwa na kupunguzwa ukubwa, pamoja na orodha ya wateja na malipo.

Kupandisha kwa bando la usiku

Safari ya kwanza ndiyo nzito. Baada ya hapo hupanda mabadiliko tu. Iweke usiku, folda moja baada ya nyingine, ukianzia ndogo na muhimu. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows weka “Never” kwenye muda wa kulala kompyuta ikiwa imechomekwa, na uhakikishe kufunga kifuniko hakuizimishi. Simu ya hotspoti nayo iwe kwenye chaji. Weka kipimo cha kasi ili usimalize bando la usiku na kuingia kwenye salio la kawaida alfajiri. Aliye Kagunga au Manyovu azime data za ng'ambo kwenye simu, kwani mpakani inaweza kushika mtandao wa Burundi bila yeye kujua.

Malipo na laini ya simu

Kadi ya benki ya Visa au Mastercard inafaa, ikiwa benki imeifungulia manunuzi ya mtandaoni. Mwenye M-Pesa anaweza kutengeneza kadi ya Visa ya mtandaoni ndani ya menyu. Ukilipa kwa mwezi, salio lisipokuwepo siku ya makato huduma inasimama. Kwa kipato cha msimu lipa mwaka mzima.

Namba za uthibitisho zinakwenda kwenye laini. Simu ikiibiwa pamoja na laptopu, umefungiwa nje mpaka urudishe laini kwa wakala kwa alama za vidole. Google hutoa namba 10 za dharura, kila moja ya tarakimu 8 na ya kutumika mara moja. Zichapishe, ziweke pamoja na cheti cha kuzaliwa, mbali na begi la laptopu.

Sisi tungechagua hivi

Mwanafunzi na mwalimu: Google Drive ya bure, folda moja tu, picha zimezimwa. Ofisi ndogo inayolipia Office kwa haki: OneDrive, kwa sababu nafasi imeshalipiwa na inaheshimu bando. Mhasibu mwenye faili kubwa linalobadilika kila siku: OneDrive tena, au Dropbox kama kompyuta ni nyingi kwenye ruta moja. Mwenye siri za wateja: MEGA kwa hati hizo tu. Ofisi yenye faiba: Backblaze. Wote hao pamoja na eksteno.

Kabla ya kulipa mwaka mzima, fanya jaribio la kurudisha. Nenda kwenye kompyuta ya mtu mwingine, ingia kwenye akaunti bila kutumia simu yako, shusha folda moja ya MB 100, ufungue mafaili matatu uone kama yanafunguka. Andika dakika zilizotumika. Zidisha kwa idadi ya MB 100 zilizomo kwenye vyote ulivyonavyo, utajua utakaa siku ngapi bila kazi.